Jaji Aliyejitoa

Watu wakisikia kwamba ninaishi nyumba moja na jaji mstaafu wa mahakama ya juu kabisa ya nchi nzima, hudhani nakaa kwenye jumba. Nyumba yenyewe iko Queensbury, London, imebanwa na nyumba za jirani kulia na kushoto, na mwenye nyumba, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliikata vipande viwili ili apokee kodi mbili. Sisi tuko juu. Chini anakaa muuguzi mmoja Mfilipino na baba yake. Huyo baba ndiye jaji. Majina yao sitayataja, wala ya mtu mwingine yeyote, na si kwa heshima. Najijua: nikianza na majina nitamalizia na matusi.

Nilihamia pale peke yangu, mke na mtoto wakiwa bado Voi. Siku ya kwanza, kabla sijashusha mzigo wa pili garini, mzee mfupi aliyevaa sweta ya kijivu alikuwa ameshatoka mlangoni na kushika upande mmoja wa godoro langu. Tulipofika nalo juu ya ngazi alikuwa ameshajua jina langu, mji wangu, kazi yangu, idadi ya ndugu zangu, na jina la mbunge wetu. Akaniuliza kama huyo mbunge anafaa. Nikamwambia hafai. Akacheka, akanipiga bega. "Wakati wangu na mimi walisema hivyohivyo." Tulizungumza kwa Kiingereza, yeye na mimi, siku zote, maneno yake nayaleta hapa kwa Kiswahili.

Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa mwanasiasa. Ujaji aliniambia baadaye, pole pole, Jumapili baada ya Jumapili, kwa sababu tulikuwa tunasali kanisa moja na kurudi kwa mguu pamoja. Mtaani hapakuwa na mtu asiyemsalimu. Muuza mboga alijua anapenda bilinganya nyembamba. Mleta barua alimweleza habari za goti lake. Mzee alikuwa amekaa Queensbury miaka michache tu, na ungesema anatafuta kura.

Baba yake alikuwa seremala wa majeneza katika mji mdogo wa mkoa wa miwa. Alisema hilo ndilo lililompa siasa: hapakuwa na nyumba katika mji ule ambayo haijawahi kulia mbele ya baba yake, na baba hakuwahi kumdharau mtu katika saa hiyo. Mtoto akasoma, akawa wakili, akawa meya, akawa mbunge, akawa seneta. Kwao mwanasiasa lazima akubali kusimamia ubatizo na harusi za watu, na kila anayemsimamia anakuwa ndugu. Alikuwa na watoto wa ubatizo wasiohesabika. Asubuhi akifungua mlango anakuta foleni: huyu anataka kitanda hospitali, huyu nafasi ya shule, huyu mwanawe yuko selo. Hakumwambia mtu hapana. Aliwashika bega na kusema, "Tutaona," kisha akapiga simu, na mara nyingi jambo likatengenea.

Halafu rais wao akamteua kuwa jaji wa mahakama ya juu, na kuanzia siku alipoapa akafunga mlango. Haendi harusi. Haendi ubatizo. Vikapu vya matunda vya Krismasi vinarudishwa na dereva vilikotoka. Chakula cha mchana alikula peke yake ofisini, kwa sababu anayekukaribisha mezani leo, kesho analeta kesi. Wale ndugu wa ubatizo walimlaani. Walisema amewasahau waliombeba. Hayo yote alinisimulia akiwa amenyoosha mgongo, na niliona kwamba laana ile kwake ilikuwa nishani.

Kesi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo hakuisikiliza. Wakata miwa walikuwa wameishtaki kampuni juu ya ardhi waliyoahidiwa. Kesi ikapanda ngazi zote hadi mezani kwao, na kaka yake mzee alikuwa na hisa katika kampuni hiyo. Hisa chache, alisema, za kununulia mafuta ya taa. Lakini ni kaka. Akasimama mbele ya wenzake, akajitoa. Alikusanya karatasi zake, akatoka chumbani, na hakuuliza tena habari za kesi ile mpaka hukumu ilipotoka. Magazeti yalimsifu. Kura za waliobaki ziligawanyika nusu kwa nusu, na kwa kanuni zao kura zikilingana ombi linaanguka. Wakata miwa wakaenda zao.

"Ungebaki, ungepigia upande gani?" nilimuuliza.

"Wa wakata miwa," akasema bila kusita.

Na mimi, kichwa maji, nikamwona mtu mkubwa. Tulikotoka sisi jaji akiwa na ndugu kwenye kesi anaivuta karibu, haisukumi mbali. Nilikwenda kazini Hayes wiki nzima nikiwasimulia wenzangu wa ghalani kwamba duniani bado kuna majaji.

Binti yake ndiye aliyetufaa, na hilo silifuti hata leo. Mimi nina kibali cha kudumu cha kukaa Uingereza, lakini mshahara wa ghala haukuwahi kufika kile kiwango ambacho serikali inataka ndipo uruhusiwe kumleta mke. Yule muuguzi akaniambia kwamba makao ya wazee anakofanya kazi yanatafuta watunzaji kutoka nje na yanawadhamini viza. Mke wangu alikuwa amesomea kazi hiyo, akaomba, akapata. Akaja na binti yetu, wakati huo watunzaji wakiwa bado wanaruhusiwa kuja na watoto. Mzee alikwenda nasi hadi Heathrow kuwapokea, na alikuwa amemnunulia mtoto koti jekundu lenye kofia. Lilimtosha barabara. Aliyempa vipimo ni mke wangu mwenyewe kwa simu, na wote wawili walinificha.

Basi tukaishi. Mke wangu na yule muuguzi wakawa wanaondoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja, wakicheka basini, kila mmoja akimfundisha mwenzake kupika wali wa kwao na kuukosoa wa mwenzake. Mtoto akaanza shule. Baada ya mwaka akawa anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote.

Sasa nieleze kilichotokea, na nitakieleza kama mke wangu alivyokieleza, kwa sababu ndivyo kilivyokuwa. Kule makaoni kulikuwa na bibi mmoja ambaye hasimami. Kumtoa kitandani kumpeleka kitini inatakiwa mashine ya kunyanyulia na watu wawili, mmoja aendeshe, mwingine ashike. Ni sheria, imebandikwa ukutani. Mchana huo watunzaji wawili hawakufika kazini, na bibi alikuwa amelowa na analia. Mke wangu akamwendea muuguzi wa zamu, yaani huyu wa chini, amwombe mkono. Muuguzi alikuwa na toroli la dawa. Akamwambia, "Mfanye peke yako, leo tu, mimi siwezi kuacha dawa." Mke wangu akafanya peke yake. Mshipi mmoja haukushika vizuri, bibi akateleza, akavunjika nyonga.

Wakuu wa makao walipouliza, mke wangu alisema aliambiwa. Yule muuguzi akasema hakumwambia mtu kitu. Mtu wa tatu hapakuwa. Mke wangu akasimamishwa kazi, akapangiwa kikao cha nidhamu Jumatatu ya wiki iliyofuata. Tulijua maana yake. Akifukuzwa kazi, udhamini unakufa, na udhamini ukifa viza nayo inakufa.

Wazungu wa kule hawakuwa na sababu ya kumwamini mmoja kuliko mwingine. Muuguzi ana cheo na namba ya usajili, mtunzaji ana mikono. Lakini sisi hatukuogopa sana. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi yetu ilikuwa ya karibu, iko chini ya sakafu yetu, inakohoa asubuhi. Nilishuka nikamwomba mzee amsaidie mke wangu kujiandaa. Binti yake alikuwa hajamweleza lolote. Alimwambia tu kwamba kuna mgonjwa ameanguka. Mzee akakubali palepale. Jumapili na Jumatatu jioni alipanda kwetu, akakaa mezani, akamtaka mke wangu asimulie tangu mwanzo, akamkatiza, akamwambia arudie. Alimfundisha kusema alichokiona na kuacha alichokidhani. Mke wangu alipofika kwenye maneno "mfanye peke yako", mzee aliuliza nani alisema, na mke wangu akatazama chini. Akasema, "Muuguzi wa zamu." Mzee hakuuliza zaidi. Leo naamini alijua palepale.

Jumatano tulimngoja, hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa nilimkuta mlangoni, akanisalimu kwa upole na kupita. Yule binti yake alikuwa ameanza kuondoka nyumbani mapema sana ili asikutane nasi ngazini. Jumamosi asubuhi, aliposhaenda kazini, nilishuka nikagonga.

Mzee alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu. Akaniambia nikae.

"Sikuja kukaa, mzee. Mke wangu anakungoja tangu Jumatano."

Akaweka kisu chini, akafuta vidole. "Siwezi kuendelea na shauri hili. Nimejitoa."

"Umejitoa kwenye nini? Hapa ni jikoni."

"Binti yangu amenieleza yote."

"Amekueleza ilikuwaje?"

Namlaumu kwa mengi lakini hakunidanganya. "Ilikuwa kama mkeo anavyosema," akajibu.

Furaha niliyoipata! Nilikaribia kumkumbatia na vitunguu vyake. Nilidhani mambo yamekwisha, kwamba Jumatatu mzee atavaa suti yake nyeusi, ataingia pale makaoni na kuweka neno lake mezani, na nani atabishana na neno kama lile?

"Basi Jumatatu twende pamoja, ukaseme."

"Ni mwanangu," akasema. "Siwezi kusimama upande wake, na sitasimama. Siwezi kusimama dhidi yake. Mtu aliye katika hali hiyo hutoka chumbani na kuwaachia wengine. Nimefanya hivyo maisha yangu yote."

"Kama huwezi kusema wewe, mwambie yeye aseme."

Hapo ndipo akanitazama kama ninayemshawishi aibe. "Jumatatu yeye ni shahidi. Sijawahi kumsemesha shahidi juu ya ushahidi wake."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka tu. "Shahidi? Mzee, ni mtoto wako! Umemlea, umemsomesha. Mwambie kama baba anavyomwambia mwanawe."

"Ndiyo maana hasa siwezi," akasema.

Nataka nieleweke. Mtu yule hakuwa anatafuta kisingizio. Laiti angekuwa! Mwongo ningejua namna ya kumshika. Ningemtisha, ningemlilia, ningemletea mtoto amwangukie miguuni. Huyu alikuwa anaamini. Aliamini kwamba kutoka chumbani ni kitendo, na kwamba baada ya kukitenda mikono yake ni safi na kazi yake imekwisha. Alikuwa amekula chakula cha mchana peke yake miaka mingi kwa ajili ya usafi huo, na hakuwa tayari kuuchafua kwa ajili ya mpangaji wa juu.

"Na wale wakata miwa?" nikamuuliza. "Ulitoka safi. Wao walitokaje?"

Akakusanya maganda ya vitunguu kwa kiganja.

"Huko kwenu ukijitoa wapo wenzako, wamebaki mezani. Hapa umejitoa wewe, nani amebaki? Kiti kitupu, na mke wangu amekaa mbele yake."

"Wapo wakuu wa kikao," akasema. "Watapima."

"Watapima nini, na kinachopimwa umekikalia?"

Nilipaza sauti. Nilimwambia mengine nisiyoyaandika. Yeye akasimama, akafunga kifungo cha juu cha sweta yake, akangoja nimalize, kama anavyongojewa wakili aliyepandwa na jazba. Na niliposimama pale nilimkumbuka yule seneta wa zamani, yule wa foleni mlangoni, aliyeshika watu bega na kupiga simu asikostahili kupiga. Huyo alikuwa na makosa yake, bila shaka mengi. Huyo angemwita mwanawe jioni ile, angemkaripia, angemfuta machozi, angemwendea meneja na kumwambia mama huyu ana mtoto mdogo, tutaona la kufanya. Mimi siku ile nilimhitaji mwanasiasa. Nikapewa jaji.

Nilipanda juu nikamweleza mke wangu. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya Jumatatu.

"Kwa hiyo anajua?" akauliza.

"Anajua."

"Na yeye muuguzi amemwambia kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaendelea kupiga pasi. "Basi mimi nitasema hilo kwenye hearing. Nitasema baba yake anajua."

Na alisema. Alikwenda na mtu wa chama cha wafanyakazi, mimi sikuruhusiwa kuingia, nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la kioo la samaki wa kupambia. Alinieleza tuliporudi. Alisema neno lake lote vizuri kama mzee alivyomfundisha, alichokiona tu, bila alichokidhani. Kisha akasema kwamba muuguzi alikiri kwa baba yake, na baba alikiri kwangu mimi mumewe. Wakuu wakauliza, huyo baba yuko wapi? Mke wangu akasema yuko nyumbani. Wakamgeukia muuguzi.

Yule dada akalia. Kisha akasema baba yake ni mtu mzima sana. Akasema siku hizi anachanganya mambo, wakati mwingine anajiona bado yuko mahakamani, na watu wasichukulie maneno yake kwa uzito.

Jaji wa mahakama ya juu! Mtu aliyekumbuka jina la mbunge wa Voi. Alikataa kufungua mdomo ili asimdhuru mwanawe wala asimtetee, na mwanawe akamfanya punguani mbele ya wageni, ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Jioni ile nilishuka nikamwambia kupitia mlangoni. "Binti yako amewaambia umepotewa na akili." Nilitaka limchome. Mlango ulifunguliwa upana wa uso. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo alikuwa ameshaambiwa.

"Hilo pia," akasema, "siwezi kulizungumzia." Akafunga taratibu.

Mke wangu alifukuzwa kazi. Tulitafuta mdhamini mwingine, lakini nani anamdhamini mtunzaji aliyeangusha mgonjwa? Mwanasheria tuliyemwendea, kwenye ofisi ya msaada iliyojaa watu, alituambia njia iliyobaki ni mimi nipate mshahara mkubwa zaidi, kisha mke aombe akiwa kwao. Mtoto angeweza kubaki kupitia kwangu. Tuliamua abaki, asikatiziwe shule, tukiambiana ni miezi tu. Heathrow mtoto hakulia. Alimshika mama yake kiuno, akasema, "Mummy, you have to come back before my birthday." Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba atarudi Mungu akipenda. Siku hiyo ya kuzaliwa imeshapita, na nyingine imepita.

Mtu akiniuliza nani nilimchukia, nasema mzee. Yule muuguzi nilimkasirikia, lakini namwelewa. Angesema kweli, angepoteza ile namba yake ya uuguzi, na nyuma ya namba ile wako shangazi, binamu na watoto wa binamu, mkoa mzima wa miwa unaokula kwa mikono yake. Mtu akiwa anazama hushika chochote, hata kichwa cha mwenzake. Lakini mzee alikuwa na nini cha kupoteza? Hana kazi, hana kura ya kutafuta, hana cheo cha kupandishwa. Alikuwa na sifa yake tu, na sifa hiyo wanaoijua Queensbury ni mimi na muuza mboga. Nilimchukia nikiwa kazini, ndege zikipita juu ya paa la ghala kila dakika zikishusha wake za watu wengine. Nilimchukia kanisani, nikimwona anapokea komunyo amefumba macho. Niliacha kurudi naye kwa mguu.

Kuhama sikuweza, kodi ya mahali pengine ni hadithi nyingine, siianzi. Kwa hiyo tulipishana kwenye ngazi kama paka. Vyakula vikaanza kuachwa mlangoni petu kwenye vibakuli vyenye mfuniko: tambi za kukaanga na mboga, wali wa vitunguu saumu, kuku wa siki. Vya kwanza nilivimwaga. Kisha siku moja nilirudi kazini nikakuta mtoto ameshafungua kimoja na anakula kwa mkono amesimama, na alikuwa na njaa kweli, kwa sababu mimi nilichelewa na jirani wa kanisani aliyekuwa akimchukua shuleni alikuwa ameniambia hataweza tena, anamuuguza mama yake mwenyewe. Wiki ile nilikosa zamu nyingi kwa ajili ya kumkimbilia shuleni. Msimamizi akaniambia nikikosa tena nisirudi. Na ile kazi ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu. Mshahara usipopanda mama hatarudi, na mshahara hauwezi kupanda kwa mtu aliyefukuzwa.

Jioni moja ya wiki hiyo yule muuguzi aligonga mlango wetu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kile kikao. Kisha akarudi ngazi moja chini, akasimama hapo. Akasema amebadilishiwa zamu, kwamba anaweza kumchukua mtoto shuleni bila kuathiri kazi yake, na baba yuko nyumbani siku zote. Nilimwambia nitafikiri. Kwa kweli nilifunga mlango, nikakaa jikoni, nikampigia mke wangu simu Voi ili tumtukane pamoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kesho mtoto atakaa na nani?"

"Sijui."

"Mpeleke chini."

"Kwa yule mzee? Wewe wa kusema hivyo?"

"Mimi ndiye wa kusema hivyo," akasema. "Wewe hasira zako hazitampikia mtoto. Mpeleke, na usimwambie mtoto neno juu yao. Umenisikia, baba?"

Nilimsikia. Nikampeleka.

Nilidhani itakuwa wiki mbili, mpaka nipate mtu. London mtu hapatikani. Sasa ni jambo la kila siku. Mtoto akitoka shule anashuka chini, anafanya hesabu zake kwenye ile meza ya jikoni, mzee anamsahihisha, na hesabu zake zimekuwa nzuri, kusema kweli. Mimi nikifika kutoka Hayes nagonga, nasimama barazani bila kuvua viatu, naita, na binti yangu anaaga na kutoka. Siingii. Nimejiwekea sheria hiyo na nimeishika.

Wiki iliyopita niliita hakusikia. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikausukuma. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amezeeka sana kwa muda huu mfupi, sweta inamwelea. Binti yangu alikuwa ameshavaa begi lake. Alimwendea, akauchukua mkono wa mzee uliokuwa juu ya goti, akainama, akaugusisha mgongo wa mkono huo kwenye paji la uso wake mwenyewe, akautuliza hapo. Mzee akasema maneno machache ya kwao, ya baraka nadhani. Ni salamu yao kwa wakubwa. Mara ngapi nimemfundisha huyu mtoto kuamkia shikamoo, na kila mara anaona haya, anajificha nyuma ya mguu wangu na kusema hello. Hii hakuna aliyemlazimisha.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Nobody," akasema. "It's for Lolo. It means he's my granddad."

Mzee aliinua macho akaniona. Mkono wake ulikuwa bado hewani, pale mtoto alipouacha. Akaniuliza, kama anavyoniuliza kila siku, kama mama yake hajambo. Nilikuwa na la kumjibu, nimelibeba mwaka na zaidi, liko tayari. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, na kesho yake nilikuwa na zamu ya alfajiri. Nikamwambia hajambo. Nikamwambia asante kwa kukaa na mtoto, mzee, na kesho tena.